Picha Niliyokaa na Baba Mkwe

Juzi mjukuu wangu wa kike alitundika kitambaa cha kijani sebuleni kwao Goba, kikafunika kabati la vyombo na nusu ya dirisha, akanisimamisha mbele yake akaniambia, "Bibi, imba." Nikaimba ubeti wangu. Kwaya yetu ilikuwa imesharekodi video kule Mikocheni, na mimi sikwenda kwa sababu ya magoti. Baadaye akanionesha kwenye simu. Nimesimama kwenye maporomoko ya maji nisiyoyajua, nimevaa sare, kulia kwangu mama wa sauti ya pili, kushoto kwangu mzee wa kanisa, bega kwa bega.

Nikamwuliza, "Huyu mzee mmemwuliza?"

"Tumwulize nini, Bibi?"

"Kama anakubali kusimama na mimi."

Walicheka wote waliokuwepo. Mjukuu akasema, "Bibi, hujasimama naye. Ni kompyuta. Kile cha kijani kinafutwa, halafu unabandikwa pale."

"Najua sijasimama naye," nikasema. "Ndiyo maana nauliza."

Hawakunielewa, na chakula kilikuwa mezani, nikaacha. Naeleza hapa. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma anisamehe nikirudi nyuma kujisahihisha. Niliyoyaona nitasema niliyaona, na nisiyoyaona nitasema sikuyaona. Katika habari hii tofauti hiyo ndiyo iliyotaka kuninyang'anya watoto.

Mimi ni mtu wa Rungwe. Niliolewa nikaletwa Temeke miaka ya Ujamaa, wakati reli mpya ya kwenda upande wa kwetu ndiyo kwanza imeanza kubeba abiria. Mume wangu alikuwa kiwandani Chang'ombe, kwenye mashine za nyuzi. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, uani choo na jiko la wote. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kizaramo, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu sokoni.

Kwa wasiojua: kwetu mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe. Simaanishi kwamba anamheshimu tu. Hakutani naye. Hamtazami, hasemi naye, haingii mahali alipo, na jina lake halitamki. Akimwona njiani anaingia kwenye migomba, anageuka, anajifunika, anangoja mzee apite. Wapo wanaosema ni ushamba. Mimi sisemi hivyo, na wala sisemi kwamba ni amri ya Mungu. Nasema nililelewa hivyo, na mwili wangu ulikuwa unageuka kabla kichwa hakijafikiri.

Baba mkwe akaja Dar kutolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Katika nyumba yenye ukumbi mmoja, mtafanyaje? Mume wangu akamleta na dada yake mkubwa, wifi yangu, awe kati yetu. Wifi ndiye alimpelekea chakula, maji ya kuoga, kila kitu. Mimi nilipika nikaacha mlangoni. Mzee naye, kwa wema wake, alikuwa anakohoa kabla ya kutoka chumbani: kikohozi kimoja kizito, halafu anangoja kidogo. Nikikisikia, nageuka, navuta khanga usoni, natokea mlango wa uani. Hata nikiwa nimeshika sufuria ya moto.

Mama mwenye nyumba alistaajabu. "We mwali, huyo mkweo ni simba?"

"Ni mkwe, mama."

"Sie mkwe tunampa shikamoo, anaitika marahaba, tunampa chai, yamekwisha. Nyie mnakimbizana ukumbini kama mnaiba kuku!"

Nilicheka naye. Wifi hakucheka. Wifi alikuwa na jicho la kunipima. Aliona mjini nimeharibika. Alikuwa ananiuliza kikombe cha mzee nimekiosha na vyombo gani, na kwa nini mlango wa chumba chetu haukufungwa vizuri, na kama kivuli changu hakikupita dirishani. Sitamwonea: aliamka kabla yangu, alifagia uani kote mpaka sehemu za wapangaji wengine, na mtoto wangu mchanga alipoharisha alikesha naye begani. Lakini alinishuku, na mimi nikaanza kumshuku kwa kunishuku. Tukawa watu wawili wanaochunguzana kupitia mlango mmoja.

Mzee alipotolewa bandeji alipewa miwani nyeusi. Alikuwa anaona mwanga na maumbo ya watu, akaambiwa mengine yatakuja polepole. Kabla ya kurudi kwao akataka kitu kimoja: picha ya nyumba ya mwanawe, wote ndani ya picha moja, mke, watoto, na yeye. Kule nyumbani kulikuwa na maneno kwamba mwanawe amepotelea mjini. Alitaka kuiweka ukutani wanyamaze.

Mume wangu akamkumbusha, "Baba, mama watoto hawezi."

"Najua hawezi," mzee akajibu. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nikasikia. "Watu wa mjini wana akili nyingi. Watafute njia."

Njia ikapatikana kwenye barabara ya kwenda Tandika. Palikuwa na mpiga picha, mtu wa Kilwa, mwembamba, kofia haimtoki kichwani. Alimwambia mume wangu kwamba hilo kwake si jambo. "Mie nimewakalisha wake wenza wasiosalimiana mwaka mzima, wakatoka pichani kama wamenyonya ziwa moja. Mkwe na mkamwana ndiyo nini?"

Kazi yenyewe, kama alivyoieleza na kama nilivyoielewa, ni hii. Nyuma unatundika kitambaa cheusi. Weusi hauandiki kitu kwenye filamu. Unafunika nusu ya jicho la kamera kwa kadi nyeusi, unampiga mtu wa kulia. Kamera huigusi hata kwa unyoya. Unahamisha kadi, unafunika nusu nyingine, unampiga mtu wa kushoto kwenye filamu ile ile. Wakati wa kusafisha, watu wawili wanatokea wamekaa pamoja, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Mume wangu alirudi amefurahi sana. Mimi nilikuwa na mashaka, lakini yalikuwa mashaka ya kijinga: niliogopa nusu yangu itatoka mbaya kuliko ya mzee.

Siku ya picha mume wangu alikuwa zamu. Tukaenda wenyewe. Wifi na mzee na binti yangu mkubwa walitangulia, mimi na mchanga tukafuata nyuma mbali, kisha nikazungushwa mpaka uani kwa mpiga picha, nikangoja kando ya pipa la maji. Ndani mzee alikaa upande wa kulia, peke yake, maana mjukuu aliiogopa kamera akalia, wifi akamshika pembeni. Nilisikia fundi akisema, "Tulia, mzee. Usipumue. Haya." Halafu hatua za watu wakitoka mbele.

Fundi akaja uani. "Bibie, zamu yako."

"Ametoka?"

"Katoka. Ingia, mwanga unakwenda."

Sasa hapa nisomeni taratibu, kwa sababu hapa ndipo waliponiuliza sana baadaye. Kile chumba kilikuwa kimegawanywa na mbao nyembamba. Upande wa kamera, na upande wa mbele wenye kaunta na mlango wa barabarani. Kati yao pazia. Mimi nilipoingia sikuchungulia nyuma ya pazia. Ningewezaje kuchungulia? Kama hayupo, nimechungulia bure. Kama yupo, nimemwona. Mwanamke wa kwetu hawezi kuhakikisha kwamba mkwe hayupo, kwa sababu kuhakikisha kwenyewe ndilo kosa. Nililitegemea neno la fundi.

Palikuwa na mstari wa chaki sakafuni. "Usivuke chaki," akaniambia. Nikakaa kwenye kigoda, mchanga mapajani, uso kwenye kamera. Akashika kipira chake cha kupigia picha. Na alipokibonyeza, pale pale, nikasikia kikohozi kimoja kizito.

Mwili ukageuka. Uso nikaupeleka pembeni, khanga nikaivuta.

"Aah, bibie! Umeharibu!"

"Nani amekohoa?"

"Temeke nzima inakohoa! Filamu ndiyo hiyo ya mwisho, sina nyingine mpaka zije. Tumwombe Mungu."

Picha ilipotoka mume wangu aliileta jioni, akaiweka juu ya meza. Fundi alikuwa fundi kweli. Mshono hauonekani. Mzee amekaa, miwani nyeusi, mdomo wazi kidogo kama anayetaka kuongea. Mimi niko bega kwa bega naye, uso nimeukwepesha, khanga nusu ya shavu, kama mwanamke aliyefumaniwa. Kiwiko changu cha kulia kilikuwa kimevuka chaki, kwa hiyo kilimezwa na weusi. Mkono ulianza begani ukaishia kwenye mbavu za mzee.

Wifi aliinamia meza. "Mkono wako uko nyuma ya baba."

"Hauko nyuma yake. Umekatika."

"Umekatika? Mbona hapa unao?"

Nikautazama mkono wangu. Ndiyo, nilikuwa nao. Nami, kusema haki, nilipoitazama picha ile tena, sikujiamini. Ingekuwa ni picha ya mwanamke mwingine, ningesema amekaa na mkwewe, na anajua amekosa. Nilianza kuwaza: labda kweli alikuwemo. Labda fundi aliona uvivu kumtoa. Kikohozi kile nilikijua kama ninavyojua sauti ya mlango wangu.

Mzee hakuweza kuiona vizuri. Aliishika kwa vidole akaridhika kwamba ipo. Mume wangu akachukua likizo, akampeleka kwao kwa treni, na picha ndani ya kitambaa. Wifi akabaki kwa sababu mchanga alikuwa bado anaumwa.

Mume wangu aliporudi hakutaka kula. Nikamwuliza kulikoni. Akasema picha iliwekwa ukutani, watu wakaja kumwona mzee na macho yake mapya, wakaiona. Wazee wa ukoo wakaketi. Kwanza walimwuliza mzee mwenyewe.

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Niliambiwa kaa, nikakaa. Niliambiwa toka, nikatoka. Siku zile macho hayakuwa yangu. Aliyekuwa pembeni yangu sikumwona, na ambaye hakuwepo pia sikumwona.'"

Hata leo simlaumu. Alisema kweli yote aliyokuwa nayo, haikutosha tu.

"Na wewe ukasemaje?"

"Niliwaeleza ya kadi na kitambaa. Wakaniuliza, ulikuwepo? Nikasema nilikuwa kazini."

Uamuzi ulikuwa huu: wifi akirudi nyumbani, arudi na mimi. Nipelekwe kwa baba yangu mzazi, nikae huko mpaka jambo liangaliwe. Kuangaliwa kwenyewe hakukuwa na mwisho uliotajwa. Watoto wabaki upande wa baba yao, ndivyo ilivyo, mkubwa na yule mchanga nikishamwachisha ziwa. Mume wangu aliyasema hayo akiangalia taa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa mtu, na wazee wale wote walikuwa baba zake. Aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo, "Uko na hakika?"

Nikamwambia, "Nina hakika sikumwona."

"Hicho sicho nilichouliza."

"Nimejua."

Siku zilizofuata nilimkabili wifi jikoni. Nilimwambia, wewe ndiye uliyemtoa, wewe ndiye shahidi, waambie. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Nilimtoa nikamkalisha kwenye benchi, kibarazani. Mtoto akataka andazi, nikavuka barabara. Niliporudi alikuwa kwenye benchi."

"Basi!"

"Basi nini? Hapo katikati sijui. Kipofu hutafuta kivuli. Angeweza kurudi ndani."

"Wifi, unaweza kuniokoa kwa neno moja."

"Naweza kusema uongo kwa neno moja." Akapuliza pumba. "Wewe je, unaweza kuapa hakuwepo?"

Sikuweza. Tukawa wawili, yeye na ungo wake, mimi na mwiko wangu, wote wakweli, na ukweli wetu wote haukunifaa kitu. Mama mwenye nyumba alikuwa anasikiliza, kama kawaida yake.

"Nyie," akasema, "mnabishana na picha? Nendeni kwa aliyeitengeneza mkamkabe shingo!"

Tukaenda. Wifi alitembea mbele, hataki tuonekane tumeongozana. Mpiga picha alitukumbuka. Nilipomweleza alikasirika, na hasira yake ilikuwa na haki ndani yake.

"Mama zangu, mlikuja hapa mkataka nini? Mlitaka watu waamini mmekaa pamoja. Haya, wameamini! Sasa mwanilaumia uhodari?"

Wifi akasema, "Tunataka kujua kama mzee alikuwa ndani."

"Angekuwa ndani, ningehangaika na kadi ya nini? Si ningepiga mara moja tu?"

Hilo lilikuwa neno la maana, mimi nikaliona hivyo. Wifi hakuliona. Alimtazama yule bwana kuanzia kofia mpaka kandambili.

"Hayo ya kadi ni maneno yako. Mimi naona watu wawili wamekaa pamoja. Kitu ambacho hakipo hakiwezi kukaa."

"Wallahi mama, hebu kaa wewe, nikuoneshe."

"Nikae na nani?"

"Na yeyote. Kaa na wewe mwenyewe."

Nadhani wifi alikubali ili kumshika uongo. Filamu zilikuwa zimeshakuja. Alikaa upande wa kulia wa chaki, mgongo kama mti, mikono magotini, akapigwa. Fundi akahamisha kadi mbele ya macho yetu, akaionesha kwanza huku na huku kama mtu wa mazingaombwe, wifi akahamia upande wa kushoto. Mara hii hakutazama kamera. Alikiangalia kile kigoda cha kulia alichotoka, ahakikishe hakuna mtu anayeingizwa. Kipira kikabonyezwa hivyo hivyo.

Tulirudi kuichukua picha siku fundi aliyotuambia. Alitoka nayo amejaa tabasamu, akaiweka kwenye kaunta.

Walikuwa mawifi wawili. Gauni moja, kilemba kimoja, kovu lile lile kwenye nyusi. Wa kulia ametulia, anaangalia mbele. Wa kushoto anamtazama wa kulia kwa jicho baya, jicho lile lile alilokuwa ananiangalia nalo mimi nikiosha vikombe.

Mimi nilicheka. Najuta mpaka leo, lakini kilinitoka, maana nilikuwa nimeona jicho lile linapata mtu wake. Kisha nikamwangalia wifi mwenyewe nikanyamaza. Alikuwa ameingiza mikono yote miwili ndani ya khanga, kama mtu aliyeona kitu cha moto.

"Kigeuze," akasema. "Kigeuze kitu hicho uso chini!"

Mpiga picha hakuelewa. "Si umeona sasa? Pacha mtupu!"

Laiti angesema neno lolote lingine. Kwao Kilwa sijui, lakini kwetu pacha si furaha. Mwanamke akizaa pacha, nyumba nzima inakaa kando, ndugu wote wanatafutiwa dawa wasije wakavimba miguu, ng'ombe wanatafutiwa dawa, hakuna anayewapa mkono mpaka yaishe. Wifi alikuwa Mkristo, kiongozi wa kina mama kanisani kwao, na nilishamsikia akisema mambo hayo ni ya giza. Lakini mimi pia ni Mkristo, na mwili wangu uligeuka nilipokoholewa.

Njiani wifi aliibeba picha ndani ya kikapu, imefungwa kwenye jani la mgomba alilonunua kwa muuza ndizi. Mbele ya nyumba akasimama.

"Baba hakuwepo," akasema.

"Ndiyo."

"Nimeamini. Wewe hukukosa."

"Basi ukiwaonesha hii..."

"Niwaoneshe?" Akacheka kicheko kibaya. "Niwaambie nini? Nimekwenda Dar mmoja, nimerudi wawili?"

Akaingia ndani. Na hapo ndipo mashaka yangu yote yaliyobaki yakahamia kwenye kile kikapu. Ushahidi ulikuwa mle, chini ya mchele, na mwenye kikapu alikuwa na kila sababu ya kuuchoma. Bila picha ile, mimi ninarudi kwa baba yangu. Kwa picha ile, yeye anakuwa mtu wa kukaa kando. Nilimwomba? Hapana. Nilifungua mdomo mara kadhaa nikaufunga. Sikuona kama nina haki ya kumwambia mtu abebe hofu yake ili mimi nipumzike na yangu. Nilichofanya ni kuvizia. Akiwasha jiko, nilikwenda kunusa kama kuna harufu ya picha iliyoungua. Akienda chooni niliangalia kikapu kwa mbali, sikukigusa. Sisemi sikukigusa kwa wema. Niliogopa nikikigusa nikikuta hakina kitu, ningejua mapema.

Mume wangu alinunua tiketi mbili. Nilifunga nguo zangu kwenye shuka. Mchanga alikuwa ameshapona, nikawa namnyonyesha hata asipolia. Binti yangu mkubwa aliniuliza tunakwenda wapi, nikamwambia naenda kumsalimu babu. Alikimbia kuleta viatu vyake.

Asubuhi ya safari wifi alitoka chumbani amevaa koti, kikapu mkononi. Akauangalia mzigo wangu mlangoni.

"Huu wa nani?"

"Wangu, wifi."

"Fungua."

Nilidhani anataka kunikagua nisichukue vitu vya kaka yake. Nikafungua, roho ikiniuma. Akainama, akatoa gauni moja moja, akazirudisha kwenye kamba ya chumbani, zote, mpaka shuka akalikunja. Kaka yake amesimama, tiketi mbili mkononi.

"Moja karudishe," akamwambia.

"Dada, wazee walisema..."

"Wazee walisema nirudi na mtu. Ninaye." Akapiga kikapu kwa kiganja. "Na huyu ana jicho baya, atawajibu."

Mama mwenye nyumba alipiga kigelegele uani bila kujua anashangilia nini. Wifi hakuniaga. Alinipita mlangoni kama nilivyokuwa nampita baba yake.

Tulikaa miezi bila habari kamili. Watu waliotoka kwetu walileta vipande tu: kwamba wazee walibishana, kwamba mzee macho yamefunguka sasa na aliitazama picha ya binti yake muda mrefu akiisogeza na kuirudisha. Kwamba wifi kweli alikalishwa kando kwenye kibanda, akapakwa dawa, na ndugu walipakwa, kwa tahadhari, ingawa wote walikubali hakuna aliyezaliwa. Kwamba kanisani alipumzishwa uongozi kwa ajili ya dawa zile. Hilo la mwisho liliniuma kuliko yote, maana hakuna aliyenihesabia mimi kosa hilo.

Alikuja tena Dar msimu wa mavuno ulipokwisha, amebeba mchele na ndizi. Nilimpokea kituoni. Amekonda kidogo. Nyumbani alitoa kwenye kikapu bahasha, ndani mkiwa na nusu ya picha: mimi na mchanga wangu, uso pembeni, mkono umekatika. Mzee ameikata mwenyewe kwa mkasi, akabaki na nusu yake. Alisema hivi, wifi akanifikishia: hatukukaa pamoja, hilo limeonekana. Lakini kila mgeni anayeingia anatukuta tumekaa, na yeye hawezi kuwa anakohoa kila mgeni akiingia. Mkamwana abaki nyumbani kwake na watoto wake. Picha ndiyo ikae mbalimbali.

Nikaiweka nusu ile juu ya kabati. Mpaka leo sijui kama wifi alifanya yale kwa kunipenda, au kwa sababu alishaona ukweli na hakuweza kulala nao. Sikuwahi kumwuliza. Nikasema tu, "Pole, wifi. Kwa kibanda, na kwa kanisa, na kwa..."

"Usinipe pole." Alikuwa ameshakaa, anavua viatu. "Nipe chai."

Nikachukua kopo. Sukari wakati ule ilikuwa ya kupanga foleni duka la ushirika. Nikachota kijiko.

"Ongeza," wifi akasema, bila kuinua macho. "Hiyo ni ya mtu mmoja."